Hongera, Mjumbe wa Kamati ya Shule

Mzazi uliyechaguliwa kuingia kamati ya shule ya msingi ya umma hapa Tanzania, hongera: cheo umepata, mshahara hakuna. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na ruzuku ya uendeshaji ikapangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikibakizwa juu kwa ajili ya vitabu. Kilichosalia ndicho utakachokisimamia kwa sauti nzito: chaki, karatasi za mitihani, bawaba ya mlango wa choo. Mwalimu mkuu ndiye katibu, hivyo ajenda ataiandaa yeye, taarifa ya fedha ataisoma yeye, nawe utaletewa muhtasari usaini.

Wapo wasemao kamati ni muhuri tu. Wanaukosea muhuri heshima. Muhuri hausimamishwi sokoni kuulizwa madawati yako wapi. Wengine hudai mzazi wa kawaida hajui mahesabu. Ajabu, mtu anayejua bei ya unga ilivyopanda tangu juzi ashindwe kusoma risiti ya saruji! Kusoma si tatizo, tatizo ni kuiomba. Basi, mheshimiwa mjumbe, omba risiti kabla ya soda ya kikao. Ukishakunywa, utaona haya kuuliza.