Baraza la Ghalani

Katika ghala moja la mjini Mombasa, nyuma ya meza zilizovunjika miguu na marobota ya karatasi ambayo hapana karani akumbukaye yalitoka wapi, wamehifadhiwa pamoja viumbe wanne ambao, lau si dhiki ya nafasi, wasingalijuana hata kwa jina. Wa kwanza ni Sanduku la Kura, mzee mweusi wa zama zilizopita, aliyepata kumeza kura za baba na za mwana bila uso wake kuonesha kama ameshiba au ana njaa. Wa pili ni Kifaa cha kusoma vidole, kijana wa mwaka 2017, mwenye kioo usoni na majivuno kifuani. Wa tatu ni Kipaza Sauti, ambaye Jumamosi hukodishwa mkutanoni na Jumapili kanisani, na msimu wa Maulidi pia hasahauliwi. Wa nne ni Panya, ambaye hakuletwa na mtu. Jumapili moja usiku, Kipaza aliporudishwa kutoka ibadani, mazungumzo yalikuwa hivi:

KIPAZA: Msalkheri, jamaa. Nimechoka taabani. Leo mheshimiwa ameshika mimbari baada ya padri, akahutubu mpaka watoto wakalala, na katika kila aya mbili hakukosa kutukumbusha kwamba uongozi hutoka kwa Mwenyezi Mungu.

SANDUKU: Nawe ukampazia.

KIPAZA: Kazi yangu si kuamini, mzee wangu, ni kupaza.

SANDUKU: Sikulaumu. Ila hapo ndipo ninapotatizika. Iwapo uongozi hutoka kwa Mungu moja kwa moja, mimi nilipakiwa katika lori la ng'ombe na kupelekwa mpaka Hola kutafuta nini? Na tena, katika umri wangu wote nimewasikia wengi walioshinda wakisema Mungu amewachagua, walakini sijamsikia hata mmoja aliyeshindwa akisema Mungu amemchagua mwenzake. Huyo daima husema ameibiwa.

KIPAZA: Hilo si la leo. Wewe wakumbuka zama za Moi: habari za redioni zilikuwa hazitimii Jumapili bila kuelezwa Mtukufu Rais amesali kanisa gani. Basi mwaka 1992, vyama vingi vilipokwisha kuruhusiwa, watu wa hapa Pwani wakaleta chama chao, Islamic Party of Kenya, kikakataliwa kuandikishwa kwa hoja kwamba siasa haifai kuchanganywa na dini. Jumapili iliyofuata nilikuwa kazini kama kawaida.

SANDUKU: Hoja yenyewe haikuwa mbaya.

KIPAZA: Haikuwa mbaya hata kidogo. Kosa lake ni kwamba ilijua kuchagua mlango wa kubisha. Leo Katiba ya 2010 imetamka katika kifungu cha 8 kwamba dola haina dini, maneno machache ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeyahifadhi. Na Julai 2025, habari zilipochapishwa kwamba kanisa kubwa linajengwa ndani ya Ikulu ya Nairobi, Rais alijibu kwamba fedha ni zake mwenyewe, wala hatamwomba mtu radhi.

PANYA: Fedha zake, kiwanja cha nani?

(Hapakuwa na jibu. Panya ana tabia ya kuuliza maswali ambayo watu wenye adabu huyaachia mahakama.)

KIFAA: Wazee wangu, niwieni radhi, lakini mazungumzo yenu ni ya kale. Taabu zote hizi zinatokana na kumtegemea binadamu, kiumbe mwenye kabila, mwenye tumbo na mwenye shemeji. Mimi sina dini, sina kabila, wala sina shemeji. Weka kidole, nikutambue. Piga kura, nipeleke hesabu Nairobi kabla ya jogoo kuwika. Nini tena?

SANDUKU: Mwanangu, wewe hukuzaliwa kwa sababu ya elimu, ulizaliwa kwa sababu ya aibu. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 fomu za matokeo zilipita mikononi mwa watu wengi njiani, na kila mkono ukaziongezea uzito, hata mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, marehemu Samuel Kivuitu, akafika kusema kwamba hajui ni nani hasa aliyeshinda. Rais aliapishwa magharibi ile ile aliyotangazwa, akiwa ameshika Biblia, na nchi ikawaka moto. Waliouawa walizidi elfu moja, na waliotoroka majumbani mwao walikuwa malaki. Ndipo wakubwa wakaketi na Jaji Kriegler kutoka Afrika Kusini, na miongoni mwa waliyoshauriwa ni kupatikana njia madhubuti ya kupeleka matokeo. Kushauriwa huko ndiko nasaba yako.

KIFAA: Nasaba nzuri.

SANDUKU: Nzuri. Ami yako wa 2013 aliletwa kwa matarumbeta, akazimika asubuhi kwa kukosa moto wa betri, katika madarasa yasiyokuwa na umeme tangu yajengwe. Makarani wakarudia daftari la karatasi, na hesabu za skrini zikasita njiani. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini nilicheka kwa mbali.

KIFAA: Ami alikuwa na maradhi yake. Mimi nilikuja 2017 nikiwa mzima. Sisi tulikuwa zaidi ya arobaini elfu, na matokeo ya urais yalianza kumiminika usiku ule ule, nchi nzima ikiyatazama.

PANYA: Yakimiminika pamoja na fomu zake?

KIFAA: Fomu... baadhi zilichelewa. Tume ilikwisha kutangaza kwamba vituo zaidi ya elfu kumi na moja havifikiwi na mtandao wa kutosha.

PANYA: Yaani nambari zilifika kabla ya karatasi zilizozizaa. Mtoto amewasili mjini, mama bado yuko leba.

KIFAA: Nambari zilikuwa katika seva.

PANYA: Seva ni nini, mwalimu wangu? Mimi ni wa ghalani, sikusoma.

KIFAA: Ni hazina ambamo kila tulilolipeleka huhifadhiwa, saa yake na dakika yake, lisiweze kukanushwa.

PANYA: Umepata kuiona?

KIFAA: La. Iko mbali.

PANYA: Watu walipata kuiona?

KIFAA: Walipiga kelele ifunguliwe, ikawa ndiyo kauli ya barabarani. Mahakama ya Juu nayo iliamuru wenye kesi waruhusiwe kutazama. Tume ikawaruhusu... kiasi.

PANYA: Kiasi gani?

KIFAA: Kiasi ambacho hakikuiridhisha Mahakama. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ukabatilishwa, majaji wanne kwa wawili.

PANYA: Alhasili, hiyo seva yako na mbingu ya yule mheshimiwa ni dada wa tumbo moja. Zote ziko mbali, zote husemwa kuwa hazikosei, na hapana raia aruhusiwaye kwenda kuchungulia. Aliyechoka kuulizwa maswali na watu huwapeleka kwa Mungu. Mungu akianza kuzoeleka, huwapeleka kwa mtambo.

KIFAA: Usinifananishe na mheshimiwa. Mimi sikudanganya mtu.

SANDUKU: Nani amesema umedanganya? Nami sikudanganya mtu, na nilikuwa nikijazwa usiku mchana. Chombo hakina ghiliba yake. Kina ya aliyekishika. Huenda ndiyo maana, kabla ya uchaguzi ule, wasiolitakia kheri taifa hawakukusumbua wewe, kijana, wala hawakukuvunja kioo. Walimfuata aliyekujua. Chris Msando, bwana aliyeongoza mambo ya mitambo katika Tume, alikutwa ameuawa siku chache tu kabla ya kura. Lau siri ingekuwa ndani ya chuma, yule bwana angelala kwake salama.

(Kifaa alinyamaza kwa muda, na kwa kiumbe ambaye huringia wepesi wa kujibu, muda ule ulikuwa mrefu.)

KIPAZA: Nami niruhusuni niitetee mimbari kidogo, maana mmeipiga sana. Mwaka 1988, wewe mzee hukuitwa kazini.

SANDUKU: Usinikumbushe. Kura za mchujo za KANU zilipigwa kwa mlolongo, watu wamejipanga nyuma ya picha za wagombea katikati ya jua, kila mmoja akionwa na chifu, na mwajiri, na shemeji. Aliyevuka asilimia sabini hakuhitaji hata uchaguzi wa baadaye. Na kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa mrefu, watu wakiwa wangali wamesimama.

KIPAZA: Basi waliothubutu kusema kwamba mfupi si mrefu walikuwa kina nani? Wengi wa mawakili walikuwa wanaogopa na wabunge wakiimba sifa. Walikuwa ni maaskofu, Okullu, na Gitari, na Muge aliyekuja kufa katika ajali ya barabarani mwaka 1990. Na mchungaji Njoya, ambaye siku ya kwanza ya mwaka huo huo alihubiri kwamba utawala wa chama kimoja hauna budi kwisha. Niliwapazia wote, na nawaambieni, sauti zao zilikuwa nyingine. Mheshimiwa humtaja Mungu ili swali life. Wale walimtaja Mungu kisha wakauliza swali.

SANDUKU: Hao walisimama nje ya serikali.

KIPAZA: Nje kabisa, tena bila bahasha. Na si kwamba wamekwisha. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo aliagiza michango ya Rais na ya gavana irudishwe kutoka kanisa moja la Nairobi. Ile siku nilipumzika, nikashukuru.

KIFAA: Nanyi mbona hamtaji 2022? Mwaka ule Tume ilichukua picha za fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya elfu arobaini na sita, ikazianika hadharani kila mwenye simu ajumlishe mwenyewe. Hiyo si kazi ya mitambo?

SANDUKU: Ni kazi ya mitambo, nami naisifu. Ila tazama sifa yenyewe iko wapi: siku ile hukumwambia mtu akuamini. Ulimpa karatasi, ukamwachia kalamu.

KIPAZA: Na bado makamishna wanne kati ya saba walitoka wakayakana matokeo, kesi ikaenda mahakamani, ikatupwa.

SANDUKU: Walikana, naam. Lakini safari hii aliyetaka kubisha ilimpasa aoneshe karatasi, hakutosha kuonesha hasira. Ndugu Panya, mbona umenuna?

PANYA: Nyinyi mwazungumza siasa, mimi nazungumza riziki. Zamani fomu ikija hapa ilikuwa ni moja, na mtu akiniachia dirisha wazi kwa makusudi, nikiila, imekwisha, na wakubwa walikuwa wakiniheshimu. Sasa fomu hubandikwa ukutani kituoni, mawakala wana nakala, vijana wameipiga picha, imezagaa simuni kuanzia Vanga hadi Mandera. Juzi nimekula robota zima, na asubuhi hapana aliyekuja hata kuuliza.