Foleni Ndefu Si Mzani wa Pili

Mtaalamu wetu wa seva ya ramani ana dawa moja kwa kila ugonjwa: kurefusha foleni. Mtu akifungua ramani ya Ruangwa mjini, akakuza mpaka vichochoro, akaambulia miraba ya kijivu, mtaalamu hukunja mikono ya shati, huingia kwenye mipangilio na kuzidisha idadi ya kazi zinazoruhusiwa kusubiri. Kisha huyoo, kwenye chai.

Angepita Nachingwea msimu wa korosho, kwenye chama cha msingi chochote chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, angefundishwa bure. Mzani ukiwa mmoja, panua uwanja yaenee magunia elfu; mzani ni uleule. Umeongeza nafasi ya kusubiri tu.

Programu ya renderd, inayochora ramani za OpenStreetMap, inalijua hilo. Huchora vigae, yaani ile miraba ya ramani, 64 kwa mkupuo, nane kwa nane. Foleni ya maombi ikijaa, yanayofuata husogezwa foleni ya pembeni. Nayo ikijaa, hutupwa, na mtumiaji hupewa kigae cha zamani kama kipo. Ukali huo ni huruma: kigae kinachokamilika baada ya mwombaji kukata tamaa kimechorewa nani?

Tiba inajulikana: ongeza wachoraji kadiri kichakataji kinavyohimili, rekebisha hifadhidata, chora mapema vigae vinavyoombwa sana. Lakini hayo yanataka fedha na jasho, ilhali kubadili tarakimu hakumtoi mtu kitini. Hongera basi, mtaalamu: Kusini nzima hakuna foleni ndefu kama yako.