Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo Chetu Kidogo

Kwako Mkuu wa Chuo,

YAH: SHUKRANI KWA SHAHADA YA KOMPYUTA ISIYOHITAJI KOMPYUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika Idara ya Kompyuta, ile iliyo nyuma ya bwalo. Chuo silitaji jina lake, kina sifa za kutosha tayari. Langu nalo silitaji, maana nina sapu mbili mwezi ujao.

Nianze na pongezi kwa maabara. Wakaguzi walipokuja walizikuta kompyuta zimepangwa kwa mstari, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, sakafu inang'aa. Walisifu sana. Bahati nzuri hakuna aliyeomba ziwashwe. Zile zinazowaka zina Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, wengi wetu tukiwa bado shule ya msingi. Ufunguo wa maabara anao mtu mmoja tu, na mtu huyo amejaliwa misiba mingi kupita kiasi. Tunaendelea kumpa pole.

Kukosa maabara hakujatuzuia kusoma. Muhula uliopita tulifanya mtihani wa programu kwa peni, kurasa tatu, bila kufutafuta. Ni sawa na kumpima mpishi kwa kumwambia aandike pilau. Mimi nilikatwa alama kwa kusahau nukta mkato, kosa ambalo kompyuta ingelionyesha papo hapo, tena ikataja na mstari. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni clrscr(). Hiyo ni amri ya kusafisha skrini, na mwongozo wa usahihishaji unaitaka iwe juu kabisa. Tukaiandika sote, kwa utiifu, kwenye karatasi nyeupe isiyo na cha kusafishwa. Mwishoni tukaweka getch(), amri inayoifanya programu isubiri mtu abonyeze kitufe. Karatasi zetu ziko kabatini mpaka leo. Nadhani bado zinasubiri.

Amri hizo mbili, Mkuu, hazimo katika lugha ya C++ yenyewe. Ni mabaki ya zama za DOS, zilikuja na kompaila kama Turbo C++ iliyotolewa na Borland mwaka 1990. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilipoisanifisha lugha hiyo mwaka 1998, hata faili la iostream.h tunalolikariri kila siku halikuingizwa. Madesa yetu, ambayo kila mwaka hutolewa kopi kutoka kopi ya mwaka uliotangulia mpaka herufi zimebaki vivuli, hayajapata habari hiyo. Mwenzetu mmoja alikwenda fildi kwenye ofisi moja mjini, akaandika alichofundishwa, kompyuta ikamkatalia. Kwa imani aliyonayo kwa chuo chetu, aliwaambia kompyuta yao ni mbovu.

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wazee wanaweza kubishana kama ulikuwa uamuzi wa busara. Mimi marufuku hiyo naipenda kwa jambo moja: ilitangazwa, tofauti na hii yetu ya chuoni.

Wala sisemi ukongwe ni aibu. Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni mbinu ya kutafuta njia fupi kati ya miji mwaka 1956, akiwa amekaa mkahawani Amsterdam, bila hata kalamu mkononi, akaichapisha mwaka 1959. Hadi leo ruta za mitandao zinaitumia kuchagua data ipite wapi. Ingekuwa kwa elimu ya namna hiyo, mtihani wa karatasi ningeutetea mimi mwenyewe. Lakini somo la algoritimu mliliondoa kwa sababu wengi walikuwa wakidisko, na hisabati ya mantiki ikafuata kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo kile kinachochacha, yaani programu fulani ya mwaka fulani, mmekihifadhi kwa upendo, na kile kisichochacha mkakitupa ili ufaulu upande. Ufaulu umepanda kweli. Hongereni.

Na sasa nimeona geti limepakwa rangi na bango jipya linatangaza shahada ya Sayansi ya Data na Akili Bandia, kuanzia Oktoba. Nimelisoma mara mbili. Akili bandia ni matriki, ni takwimu, ni kalkulasi, halafu ndiyo mashine. Sisi hisabati tumeiacha, na mashine ziko chini ya vitambaa. Huenda neno "bandia" ndilo lililowavutia.

Miradi ya mwaka wa mwisho nayo inanenepa kwa mapokeo. Mfumo wa hospitali, mfumo wa duka la dawa, na mfumo wa maktaba, huo hausahauliki. Steshenari ya karibu na geti inauza ripoti zake zikiwa zimeshapigwa jalada, unabadilisha jina tu. Mfumo wa maktaba umetengenezwa na kupewa alama A mwaka baada ya mwaka, ilhali ukienda kuazima kitabu katika maktaba yetu utaandikwa kwenye daftari la kaunta. Nalo daftari, nikiri, halijawahi kugoma.

Nisimsahau mwalimu wetu wa muda. Anatufundisha programu, mitandao, hifadhidata na ujasiriamali, kisha anakimbilia daladala kwenda kufundisha kwingine kwa sababu malipo yake ya muhula uliopita bado "yako kwenye mchakato". Kama kuna anayeielewa vizuri amri ya kusubiri, ni yeye. Simlaumu hata chembe.

Najua jibu lako: chuo ni kidogo. Mkuu, mwaka 1986 Norman Gibbs na Allen Tucker walichapisha mtaala wa mfano wa sayansi ya kompyuta kwa ajili ya vyuo vya Marekani visivyo na idara kubwa. Waliweka kozi chache za msingi, algoritimu na hisabati zikiwemo, wala hawakusema udogo ni ruhusa ya kutofundisha. Darasa letu zima linaenea kwenye basi dogo. Mwalimu mwenye wanafunzi wachache hivyo angeweza kuketi na kila mmoja, akasoma programu yake mstari kwa mstari, akamuuliza kwa nini. Vyuo vyenye mamia ya wanafunzi kwenye ukumbi mmoja havina nafasi hiyo kabisa. Sisi tunayo, na tunaitumia kuandikishana madesa.

Tunachoomba hakihitaji mfadhili. Linux haiuzwi, wala kompaila ya GCC, wala Python. Zote ni bure, na Linux nyepesi inaweza kufufua hata baadhi ya hizo mashine zenu kongwe. Chongesheni funguo nne za maabara. Mtihani wa programu ufanyike kwenye kompyuta. Algoritimu na hisabati zirudi, hata kama baadhi yetu, mimi nikiwemo, tutadisko. Mlipeni mwalimu. Na tunaomba bango la getini lishushwe hadi hayo yafanyike, kwa kuwa Oktoba watakuja wadogo zetu na bumu lao, nao watakuwa wameliamini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu