Deki Iliyogoma Mchana

Deki ya mwandishi wa makala haya haikuwahi kujua saa. Tangu inunuliwe hadi ilipostaafishwa stoo, kioo chake kiliwaka na kuzimika 12:00, na pale nyumbani Njombe hakuna aliyejua kama ni saa sita ya mchana au ya usiku, kwa kuwa kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani na aliyeiuza hakuwa Mjerumani. Wageni waliotaka kujua saa waliitazama deki, wakalitazama jua dirishani, wakaliamini jua.

Mwaka huu, Julai, watoto wakapiga simu kutoka Dar es Salaam. Watakuja Desemba, wote, na safari hii wanataka kuiona harusi ya wazazi wao. Harusi hiyo ilifungwa mwaka 1996, ikapigwa video, na video yenyewe iko kwenye mkanda mmoja wa VHS uliolala miaka mingi sandukuni chini ya vitenge vya mama watoto.

“Si ungeangalia kama ile deki bado inafanya kazi?” mama watoto akasema.

Maneno machache, hayana ubaya wowote. Yaligharimu kidole, fyuzi moja na nauli ya kwenda Makambako.

Kijana anayesoma hapa huku akifikiria mashine ya DVD asamehewe. Jina la deki DVD ililirithi tu. Deki mama ni lile sanduku zito linalomeza mkanda mkubwa kama tofali dogo. Mfumo wa VHS uliletwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, mwaka uleule reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi na treni zake zikawa zinapita Makambako kwenda Zambia. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi 1994. Kabla ya hapo, mtu wa Bara aliyenunua televisheni alinunua na deki. Asiponunua deki alikuwa amenunua meza ya kuwekea maua.

Ndani ya deki kuna ngoma ndogo ya chuma inayong’aa, kipenyo chake milimita 62. Mkanda ukiingia, vidole vya plastiki huuchomoa utepe na kuuviringisha kwenye ngoma, nayo huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Kwenye ngoma hiyo kuna hedi, vipande vidogo kuliko punje ya mtama, ambavyo ndivyo hasa vinavyosoma picha. Utepe hutakiwa kuteleza juu ya ngoma bila kusita. Kitu chochote kikiukamata, deki hula mkanda, na hula kwa fujo.

Sasa, Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Julai asubuhi mtu hunawa uso kwa kujilazimisha. Deki ilitoka stoo ikiwa baridi kama jiwe la mtoni, ikapitishwa moja kwa moja hadi sebuleni, ambako jiko la mkaa lilikuwa limebeba sufuria la maharage na mvuke umetanda. (Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu, si utani, siku hiyo mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa maharage yaliyokuwa yanaungua.) Mwandishi alipoingia, miwani yake ikafunikwa na ukungu. Akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa. Hakujiuliza kama deki nayo imeingia ukungu.

Ilikuwa imeingia. Ngoma ile ya chuma hufanya kama miwani: ikiwa baridi na hewa ikiwa na joto na unyevu, umande huishika, na utepe huganda juu yake kama karatasi kwenye kioo kilicholowa. Deki za bei kubwa zina kifaa cha kuhisi umande, hukataa kufanya kazi mpaka zikauke. Hii haikuwa ya bei kubwa. Ilitakiwa iachwe saa mbili tatu izoee chumba. Iliachwa muda wa kutafuta rimoti.

Kwa bahati mkanda uliotangulizwa haukuwa ule wa harusi. Mama watoto alikataa kuutoa sandukuni mpaka aone kwanza, hivyo ukatumika mkanda wa mafunzo ya ufugaji wa nyuki. Deki ikaguna, ikauvuta utepe, ikaukunja kama tambi, kisha ikanyamaza huku ikisema saa sita.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mwandishi alichukua bisibisi.

Alichomoa plagi ukutani. Kwa hilo anastahili sifa, maana wapo wanaobonyeza kitufe cha kuzimia wakaridhika, ilhali saa inayowaka ni ushahidi kwamba umeme bado umo ndani. Alichomoa, 12:00 ikafa, naye akaamini sanduku lote limekufa. Akafungua skrubu saba, akainua kifuniko, akaingiza mkono kuutafuta mkanda wa nyuki.

Umeme wa ukutani ni volti 230. Ukishaingia kwenye sehemu ya pawa ya deki za aina hii na kugeuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja, hufika karibu volti 325, na kapasita moja nene kama kidole gumba huutunza. Plagi ikichomolewa kapasita haiambiwi. Hukaa na mali yake, dakika kadhaa au zaidi, ikimngojea mwenye pete. Pete ya ndoa, ileile ya 1996, ikagusa miguu miwili ya kapasita kwa pamoja.

Mlio ulikuwa kama wa risasi ya manati kwenye bati. Mama watoto akaja mbio na fagio, akijua ni nyoka. Alimkuta mumewe ameketi sakafuni, kidole mdomoni, akiitazama deki kama mtu aliyetukanwa na mtoto mdogo. Pete ina alama nyeusi mpaka leo, na fundi mmoja, ambaye atakuja mbele, alisema kapasita ilimhurumia: kama mkono wa pili ungekuwa umeshika bodi ya chuma, umeme ungeweza kupita kifuani, na hiyo ndiyo njia unayoitumia kusimamisha moyo.

Mkanda wa nyuki ukatolewa, deki ikafungwa kwa skrubu sita. Ya saba ilionekana baadaye, tena kwa kishindo: ilikuwa imelala juu ya sakiti, na plagi iliporudishwa, fyuzi ikaruka. Jirani aliyekuwa amekuja kusalimia akatoa ushauri bila kuombwa. Chukua ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, viringisha juu ya fyuzi iliyoungua, rudisha. Yeye redio yake ameifanya hivyo, inaimba. Mama watoto akamuuliza ile alama ya moshi iliyo ukutani juu ya redio yake ilitokana na nini. Jirani akakumbuka ana ng’ombe wa kukamua.

Fyuzi ikanunuliwa dukani, yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Fyuzi ni mlinzi; anayeweka karatasi ya sigara amemfukuza mlinzi akaacha koti lake limening’inia getini.

Hapa ndipo deki ilipoanza tabia yake ya ajabu. Jua lilikuwa limetoka, mwandishi akaona baraza ina mwanga mzuri wa kufanyia kazi. Akaiweka barazani, kifuniko wazi, akakaa mbali nayo kama mtu anayelisha mbwa wa jirani, akaingiza mkanda mwingine kwa ncha ya kidole. Deki ikautema. Akaurudisha, ikautema. Mara sita. Akaihukumu kuwa imekufa, akaichomoa, akaiacha palepale. Usiku akairudisha ndani ili isinyeshewe, na kwa ukaidi tu akaichomeka. Ikaumeza mkanda kwa adabu, ikazungusha, ikaonyesha chenga. Kesho yake asubuhi barazani ikatema tena.

Jirani, aliyekuwa amerudi, alisema amewahi kusikia mashine za namna hiyo. Hakutaka kusema amesikia wapi.

Zile chenga zilimpa mwandishi moyo: angalau kuna kitu. Akaamua kusafisha. Akatumia vijiti vya pamba vya masikio na spiriti, akasugua hedi juu chini kama anayepiga mswaki. Kisha kila kilichoonekana kikavu akakidondoshea mafuta ya cherehani. Jioni hata chenga zikatoweka.

Njombe hadi Makambako ni kilomita kama 60. Deki ilisafiri mapajani, imefungwa kitenge, konda akauliza kama mtoto anaumwa. Makambako upepo ulikuwa kazini kama kawaida yake, vumbi na mifuko ya plastiki ikihama kutoka barabara ya Mbeya kwenda barabara ya Songea. Fundi ni mzee mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Zamani alikuwa fundi wa deki na televisheni, na nyuma ya kibanda ana kaburi la pamoja la deki zilizokufa. Anahitaji kaburi hilo. Funai, kampuni ya Kijapani iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016, na moja ya sababu ilizotoa ni kwamba hata yenyewe ilikuwa inapata shida kupata vipuri. Kama mtengenezaji amekosa, kibanda cha Makambako kitapata wapi, isipokuwa kwa marehemu?

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Nani aliifungua?”

Mwandishi akasema ni jirani.

Fundi hakugusa kitu mpaka alipopima kapasita kwa mita. Ilikuwa na chaji bado, kwani kijana wake alikuwa ameichomeka kidogo kuijaribu. Hakuipiga shoti kwa bisibisi. Huo ni mtindo wa wanaopenda cheche, nao huumiza vifaa vya jirani. Alichukua rizista nene yenye miguu iliyofunikwa plastiki, akaigusisha kwa koleo yenye mpini wa mpira, mkono mwingine ukiwa mfukoni muda wote. Akapima tena. Sifuri. Hapo ndipo alipoutoa mkono mfukoni. Saa na pete alikuwa amezivua na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa ya chai.

Kisha akaanza kutoa vitu. Nyuzi za pamba, zimenasa kwenye hedi. Mpira wa kuzungushia, unateleza kwa mafuta ya cherehani. Sarafu ya shilingi 50. Na kwenye kona, kimekauka kama kokoto, kipande cha kiazi.

“Hiki,” akauliza, “mlipokiweka, mlipata picha?”

Hedi alizisafisha kwa kitambaa laini cha ngozi kilicholoweshwa alkoholi safi. Kitambaa alikishikilia bila kukisogeza, akaizungusha ngoma polepole kwa kidole cha mkono wa pili. Juu chini, alisema, ndivyo hedi zinavyovunjika. Mpira akautoa kwenye deki mojawapo ya marehemu. Halafu mwandishi akauliza, kwa sauti ya chini, kuhusu kugoma mchana.

Fundi akacheka mpaka mteja wa simu akageuka. Utepe wa VHS ni mweusi, lakini miisho yake yote miwili ni plastiki inayopitisha mwanga. Katikati ya deki kuna kijitaa, na pembeni kuna macho mawili yanayokitazama. Utepe ukiisha, mwanga hupita, jicho huona, deki husimama ili isiukate. Ukiifungua kifuniko na kuiweka juani, macho yote mawili yanaona mwanga, deki inaamini mkanda umeisha mwanzo na mwisho kwa wakati mmoja. Inatema. Mashine nzima ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Aliyekuwa na kasoro ni mwenye baraza.

Mkanda wa harusi wenyewe, mama watoto alikubali kuusafirisha kwa masharti, naye akaja nao basi la pili, ndani ya mkoba, mkoba ndani ya koti. Fundi akaufungua mlango wake mdogo akautazama kwenye mwanga kabla ya kuuingiza popote. Palikuwa na kuvu, doa jeupe kama unga, zawadi ya unyevu wa Njombe. Mkanda wenye kuvu ukiingizwa hivyo huchafua hedi, na hedi huambukiza mkanda unaofuata. Ilimchukua mchana kuufuta.

Saa moja jioni wakawasha. Kanisa. Kwaya. Mama watoto wa 1996, mwembamba, anatazama chini. Bibi marehemu anacheza kuelekea meza kuu, na hapo watu wote kibandani wakanyamaza. Wapambe. Hotuba ya mjomba, ndefu kama ilivyokuwa. Keki inaletwa. Kisu kinashuka.

Mstari mmoja wa chenga ukapita, na Ronaldo akaonekana anakimbia Yokohama.

Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Juni 30, 2002, saa nane mchana kwa saa zetu, siku ambayo mwandishi alikuwa na kikao cha ukoo na akahitaji mkanda wa kurekodia kwa haraka. Mgongoni mwa kila mkanda wa VHS kuna kijipande cha plastiki. Kikivunjwa, deki hukataa kurekodi juu yake. Mpiga video wa 1996 alikuwa amekivunja, kama ilivyo desturi. Mama watoto akauchukua mkanda, akaugeuza. Juu ya tundu palibandikwa selotepu, kwa uangalifu mkubwa.

“Na hii,” akasema, “ni jirani?”

Fundi akapunguza sauti ya televisheni. Kisha akahamishia kila kitu kwenye flashi, kama walivyokubaliana. Watoto wanakuja Desemba. Harusi ina dakika 52 na inafika hadi kisu kinapogusa keki. Kuanzia hapo, Brazil inaifunga Ujerumani mbili bila.