Mwenzio Akihama na Mito ya Kochi

Zamani mpangaji wa Timbwani, Likoni, aliyetaka kuvuka kuhamia mjini Mombasa kimyakimya alikuwa na kazi. Njia ilikuwa feri, na feri haina siri. Godoro hupanda kwa mkokoteni mbele ya mamia ya macho, ubavuni mwa jirani anayekwenda kazini na muuza viazi karai anayejuana na mwenye nyumba, na kabla mkokoteni haujashuka ng'ambo, habari zimekwisha kurudi Likoni kwa simu. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu. Inachepuka kutoka barabara ya Lungalunga, inavuka maji kwa madaraja, lile la Mteza peke yake lina zaidi ya kilomita moja, kisha inamtoa mtu upande wa Miritini bila kuonana na feri wala muuza viazi. Wakubwa walisema imejengwa kwa ajili ya malori ya bandarini na watalii wa Diani. Wanaopanga nyumba wawili wawili wameigundulia faida nyingine.

Karani mmoja wa ofisi ya mizigo mjini aliigundua jioni ya mwisho wa mwezi. Yeye na mwenzake walikuwa wamepanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala Timbwani, upande wa Shelly Beach, kodi 12,000, kila mtu 6,000. Alipofungua mlango, sebule ilikuwa imepungua. Kochi lilikuwapo, mito yake haikuwapo. Fremu aliinunua karani na mito aliinunua mwenzake, na mwenzake alikuwa mtu wa haki. Mtungi wa gesi ulikuwa umekwenda, kichomeo kimebaki. Runinga ilikuwa ukutani, rimoti haionekani.

Ujumbe ukaingia saa tatu usiku: "Kaka, kazi ya Doha imejibu, ndege ni leo. Nilitaka kukuaga asubuhi nikakuta umelala. Sufuria kubwa nimekuachia."

Mpaka leo hajaeleza mito ya kochi ilikwenda kufanya nini Qatar.

Kuondoka kwa namna hii si ujeuri wa mtu mmoja. Kazi za Ghuba huja hivyo: mtu husubiri viza miezi, anaacha kuizungumzia kwa kuogopa hasada, kisha anaitwa leo asafiri kesho. Hoteli za Diani nazo zina msimu wake. Masika yakiingia, kati ya Aprili na Juni, vyumba vinabaki vitupu, vibarua wanaambiwa wakapumzike nyumbani, na kijana aliyekuwa akilipa nusu ya kodi Likoni anajikuta Taveta akimsaidia mamake kupalilia. Halafu kuna ndoa, ambayo angalau hutangazwa, ingawa mwenzake bwana harusi huchelewa kung'amua kwamba kadi ile ya mwaliko ni notisi pia.

Hilo la ndoa halikumwacha hata Sherlock Holmes. Katika A Study in Scarlet, riwaya ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1887, Holmes na daktari Watson hawakuletwa pamoja na urafiki wala upelelezi. Waliletwa na kodi: kila mmoja alikuwa akitafuta mtu wa kugawana naye gharama ya vyumba London. Ilipofika The Sign of Four, mwaka 1890, Watson akapata mchumba na kumwambia mwenzake kwamba huenda uchunguzi ule ukawa wa mwisho kwao. Holmes, bingwa wa kutambua aina za tumbaku kwa majivu yake, alipokea habari ile kwa mguno wa huzuni na kusema hawezi kumpongeza. Sababu aliyoitoa mwenyewe ni kwamba mapenzi hupingana na akili. Mtu yeyote aliyewahi kubaki na nyumba ya watu wawili anaijua sababu nyingine.

Karani wa Timbwani hakuwa na kesi za kutatua kwa malipo, kwa hiyo aligeukia sheria. Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inayomzuia mwenye nyumba kupandisha kodi au kumtoa mpangaji atakavyo, na lipo baraza maalumu la kusikiliza mashauri hayo. Alisoma kwa furaha mpaka akafika kwenye tarakimu. Sheria hiyo inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Siku hizi pesa hizo zikikupa chumba Likoni, paa utaliombea dua. Akahamia Sura ya 293, ambayo inamruhusu mwenye nyumba anayedai kodi kumtuma dalali akamate vyombo vya mpangaji na kuviuza. Karani akaitazama sebule yake. Dalali angepata kochi lisilo na mito, kichomeo kisicho na mtungi na runinga isiyowashika. Kwa mara ya kwanza tangu mwenzake aondoke, alihisi kwamba ufukara una kinga zake.

Mkataba wenyewe ulikuwa na jina moja, lake, kwa kuwa siku ya kutia sahihi mwenzake alikuwa amekwenda kununua maji. Amana walichangia nusu kwa nusu, na juma la pili ukaja ujumbe kutoka Doha ukiuliza, kwa adabu sana, ile 6,000 ya amana ingetumwa lini.

Hapo ndipo alipokwenda kwa mama mwenye nyumba kuomba apunguziwe walau mwezi mmoja. Mama alimkaribisha barazani, akampa chai ya tangawizi na mahamri mawili, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pole, mwanangu. Lakini mimi sikukukodisha mtu, nilikukodisha nyumba. Nyumba imehama?"

"Haikuhama, mama."

"Alhamdulillahi. Kunywa chai."

Hakuwa mkatili. Yeye pia ana mtu anayemngoja. Mombasa ina mpango wake ambao wageni kutoka bara huchukua miaka kuuamini: nyumba inaweza kuwa ya mtu huyu na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine. Mama anamiliki nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma yake ile ya matofali aliyopanga karani. Kiwanja si chake, na kila mwezi hukilipia. Kwa hiyo karani ni mpangaji wa mpangaji, na kijana wa Doha alipopanda ndege aliacha pengo katika mlolongo ambao mwisho wake yuko tajiri mmoja ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona.

Likoni inalifahamu jambo la ardhi kuliko inavyotaka. Shamba la Waitiki, ekari 930, lilikaliwa na maskwota kwa miaka mingi mpaka serikali ikalinunua, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hatimiliki. Watu walipiga vigelegele. Baadaye wakaambiwa kila mmoja alipe shilingi 182,000, na vigelegele vikageuka kuwa mikutano. Ukiwa na majirani wenye hesabu ya namna hiyo, kulia kwa sababu ya 6,000 kunahitaji ujasiri.

Wala kugawana chumba si uvumbuzi wa vijana wa leo. Vibarua wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, pesa ya nyumba ilikuwa miongoni mwa madai yao, maana mshahara wa kibarua haukutosha kumpa kitanda cha peke yake. Na wapangaji wa siku za karibu zaidi wanaikumbuka 2020. Kuanzia tarehe 8 Aprili serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale kwa sababu ya korona, na kwa Mombasa amri hiyo haikuondolewa mpaka Julai. Waliokuwa wamekwenda bara kusalimia wazee walibaki huko. Nusu ya kodi ilifungiwa Kakamega, nusu ikafungiwa Likoni, na hii ya Likoni ndiyo iliyogongewa mlango.

Lakini kodi, kwa kweli, ndiyo sehemu rahisi ya hesabu. Inajulikana ni kiasi gani na inadaiwa lini. Kinachomvunja mtu ni vile vitu ambavyo watu wawili huvilipia bila kuviona. Taa ya sebuleni haiulizi inamulika wangapi. Tokeni za umeme zilipungua kidogo tu, malipo yake yakawa karibu mara mbili. Maji ya bomba Likoni huja yanapotaka, kwa hiyo mitungi hununuliwa kwa mkokoteni, na ndoo ya kusafishia choo ni ileile hata akiwa mmoja. Intaneti haikodishwi nusu. Mwenye kuzoa taka hutoza kwa mlango. Karani aliacha kununua gesi, akawa anakula mbaazi kwa mahamri asubuhi na viazi karai usiku, akaandika kwenye daftari kwamba ameokoa pesa. Mwisho wa juma akajumlisha na kukuta anamlipa muuza viazi kodi ya pili.

Akajaribu kukopa. Mfuko wa Hasla, wa serikali, uliozinduliwa Novemba 2022, hukopesha kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kutegemea unavyoaminika. Yeye aliaminika kwa 500. Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ilimwamini zaidi, ila ina tabia yake: pesa yoyote ikiingia kwenye simu, deni hujilipa lenyewe kwanza. Mamake alimtumia 1,000 kutoka Wundanyi ili asilale njaa. Fuliza ikazila kabla hajamaliza kusoma ujumbe, na mama akapiga simu kuuliza kama zimefika. Akajibu zimefika. Hakusema wapi.

Ilibaki kutafuta mwenzake mpya. Aliwauliza wenziwe kazini, akamwambia muuza viazi, na kwa siku chache sebule ile ikawa ofisi ya usaili. Wa kwanza alikuwa na mshahara mzuri na majogoo manne ambayo hangeachana nayo. Wa pili alipenda kila kitu, kisha akauliza kama kodi inaweza kulipwa baada ya mavuno. Wa tatu alikagua chumba kwa makini, akalitazama kochi kwa muda mrefu, akaondoka bila kusema neno.

Wa nne aliletwa na mama mwenye nyumba mwenyewe: mwana wa nduguye kutoka Msambweni, fundi wa friji, kijana mpole anayesali kwa wakati. Karani alishukuru mpaka akaona haya. Kijana aliingia Jumamosi, akatengeneza bomba la jikoni bila kuombwa, na mwezi ulipokwisha karani akapeleka 6,000 zake barazani akiwa na raha ya mtu aliyelala vizuri.

Mama akazihesabu. "Zimepungua elfu moja na mia tano."

"Mama, si ni sita sita? Yeye hajalipa?"

"Amelipa."

"Kalipa ngapi?"

"Hayo ni mambo ya mtu na shangaziye. Wewe zako ni saba na mia tano."

"Lakini na yule mwingine zilikuwa sita."

"Yule alikuwa akila kwake," mama akasema, akimsogezea sahani ya mahamri. "Huyu anakula kwangu."

Karani akachukua hamri moja. Kisha, baada ya kupiga hesabu, akachukua matatu mengine.