Ndege ya Ghorofa

Adhana ya alasiri ilitukuta barazani, Fundi amegandana na ndege. Kidole gumba na cha shahada, vyote vya mkono wa kulia, vilikuwa vimenaswa kwenye kiguzo cha bawa la juu, na kila alipovuta, bawa lilimfuata. Mwalimu, ambaye amesomesha hesabu miaka thelathini na hapendi swali lilale bila jibu, akauliza kama udhu wa mtu mwenye gundi vidoleni wasihi, maadamu maji hayafiki kwenye ngozi. Tukalijadili kwa marefu na mapana. Ami, mkubwa wetu, akapiga funda la kahawa.

"Yakhe, udhu ni baadaye," alisema. "Huyu ataingiaje msikitini na ndege?"

Dawa tuliijua: yale maji ya kutolea rangi ya kucha. Nikatumwa mimi, kwa kuwa ndimi mdogo wao, miaka hamsini na sita. Muuza duka akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya Fundi. Kufika magharibi mtaa wetu mzima wa Kibokoni ulishajua kuwa Fundi hupaka kucha, na mteja aliyekuja kuchukua kanzu yake akamtazama mikono kwanza, kanzu baadaye. Vidole vilitoka salama. Rangi ya ndege nayo ilitoka, kwa sababu, naungama, ilikuwa ni hiyo hiyo ya kucha.

Mambo haya yalianzia Ngomeni. Nje ya Fort Jesus pana mizinga miwili ya manowari. Mmoja watoka kwenye Pegasus ya Waingereza, wa pili kwenye Königsberg ya Wajerumani, meli ile ile iliyoizamisha Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mahasimu hao sasa wamewekwa mahali pamoja, wanaota jua kama wastaafu wa bandari. Tumeipita tangu tuko na kaptura bila kuuliza lolote. Akaja kuuliza mjukuu wa Ami. Ami akajibu kwa kukisia, Mwalimu akamsahihisha, ubishi ukaenda hadi isha, na wiki ya pili tulikuwa tumekata shauri: tutaunda ndege mojawapo ya zile zilizoisaka Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji. Meli yenyewe tuliisamehe. Ilikuwa na urefu wa mita 115. Kwa kipimo chetu cha moja kwa 72 ingekuja mita moja na nusu na ushei, na baraza ya Ami ni ya kukaa watu wanne.

Ndege za zama zile zilikuwa na bawa juu ya bawa. Fundi akaziita ndege za ghorofa, jina likaganda kuliko gundi yetu yote. Ghorofa hiyo haikuwa pambo. Ndege ilikuwa mbao na kitambaa; bawa moja refu la mti hukatika, lakini mawili mafupi yakishikizwa kwa viguzo, na waya zikavutana kati yao kama kamba za kitanda, hubebana. Kwa hiyo tukatafuta vijiti vya aiskrimu kwa mabawa, vijiti vya mishikaki kwa viguzo, na Fundi akatoa vipande vya bafta vilivyobaki kwenye kanzu za Idi. Akavipiga upindo safi kabisa. Mwalimu akaja na rula.

"Uzi wako huu una nusu milimita," alimwambia. "Zidisha kwa 72, wapata milimita 36. Hii si waya ya ndege, hii ni amari ya jahazi."

Fundi, ambaye hajawahi kuambiwa mshono wake ni mnene, hakusema naye siku mbili.

Kisha rangi. Picha tulizozipata zote ni nyeusi na nyeupe, kwa hivyo kila mtu alikuwa na haki. Ami alishikilia kwamba kitani cha ndege kilikuwa na rangi ya hamri lililoiva. Mwalimu alisema chai ya maziwa. Chupa ya binti yangu ilikuwa kati na kati, ndiyo tukaitumia, na mwisho wake mumeusikia. Mara ya pili tukaomba rangi ya mafuta kwa jamaa anayepaka mashua. Ilikuwa nzito kama uji. Mwalimu akapiga hesabu yake tena, akasema ndege yetu haikupakwa rangi, imepigwa lipu. Kwa unyevu wa pwani kitu hakikauki Kibokoni. Siku ya tatu paka mmoja alijilaza juu yake, na Mji wa Kale una paka kuliko wapangaji. Aliondoka na kielea kimoja cha ndege mkiani, tukakimbizana naye hadi Ndia Kuu.

Usiku huo tulikuwa wanyonge. Ndipo Mwalimu alipoleta faraja kutoka vitabuni.

Yaonekana marubani wenyewe wa zama zile hawakututangulia kwa mengi. Ndege ya kwanza kuletwa Rufiji, mwishoni mwa 1914, ilikuwa Curtiss ya kuruka majini ya rubani wa kiraia aliyetoka Durban, jina lake Cutler. Inasimuliwa kwamba rejeta yake ilipoharibika, ikafuatwa rejeta ya motokaa ya Ford hapa hapa Mombasa. ("Basi tuna hisa," alisema Fundi, sauti ikaanza kumrudia.) Mwaka 1915 zikaja Sopwith mbili, na hewa ya pwani ikazifumua muda si muda. Zikafuata Short, ambazo mabawa yake yaliundwa kukunjwa nyuma ili ndege ienee melini. Hizo zilipiga picha za meli, lakini nazo joto likaanza kuziyeyushia gundi.

"Gundi?" Ami aliuliza.

"Gundi."

Ami akaweka kikombe chini. "Serikali nzima ya Mngereza, na manowari zake, gundi imewashinda. Halafu nyinyi mwasikitika."

Papo hapo tukachagua Short. Mabawa ya kujikunja tulikuwa nayo tayari, ingawa yetu yalijikunja bila kuombwa.

Gundi ya papo kwa papo Fundi aliipiga marufuku. Ile hukazwa na unyevu, na unyevu ndio mali yetu. Inashika kabla hujaamua unachotaka kushikisha. Tukarudi kwenye gundi nyeupe ya seremala, ambayo haina haraka, na baada ya wiki tano ndege ikasimama: ghorofa zote mbili, vielea viwili, rangi ya chai ya maziwa yenye hamri ndani yake, kwa suluhu. Mwalimu akatamka kwamba ingekuwa aibu isipigwe picha juu ya mzinga wa Königsberg wenyewe. Maana siku ya mwisho ya meli ile, 11 Julai 1915, rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu wakiwaelekeza wapigaji wa Kiingereza shabaha, Wajerumani wakaipiga ndege yao, ikaangukia mtoni. Walitoka wazima, hata wakati inashuka walikuwa bado wakituma maelekezo.

Tulifika Ngomeni saa nane mchana, na hilo lilikuwa kosa langu, nilitaka mwangaza mzuri. Mjukuu wa Ami akaipandisha ndege juu ya chuma. Mwalimu akasema isogezwe kushoto. Fundi akanyoosha upindo. Mimi nikahangaika na simu, ambayo ilikuwa ikinionyesha uso wangu mwenyewe, na nilipofaulu kuigeuza nikaona kwenye kioo bawa la juu likitelemka polepole, bila kelele, kama mzee anayesinzia, mpaka likalala juu ya la chini. Kisha kielea kimoja kikabingirika hadi miguuni mwa mtalii.

Ami aliugusa mzinga kwa ncha ya kidole, akautoa haraka, akapuliza.

"Ungali mzima huu," alisema.