Chagua Jembe: Mwongozo wa Kozi za Hisabati kwa Anayeuwinda Uzamili wa Fedha

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Siku ya kusajili kozi, wahenga wapumzike kidogo. Anayeutaka uzamili wa hisabati ya fedha, ile ya kukokotoa bei za opsheni na kupima hatari za mabenki, achague jembe, tena aligonge asikie linavyolia.

1. Kozi yenye jina tamu iache ipite. "Utangulizi wa Masoko ya Fedha" itakuvuta shati. Jinasue. Opsheni na hatifungani utafundishwa hukohuko kwenye uzamili, lakini kalkulasi hakuna atakayerudi nyuma kukufundisha. Vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada hizi kwa kawaida hudai mambo yaleyale: kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra mstari, milinganyo ya diferensia, uwezekano, takwimu na uandishi wa programu.

2. Uwezekano uupe kiti cha mbele. Tafuta ule unaodai kalkulasi. Wa kurusha sarafu na dadu hautoshi. Una hisa ya shilingi 100. Leo inapanda asilimia 50, unakuwa na 150. Kesho inashuka asilimia 50, umebaki na 75. Wastani wa mabadiliko ni sifuri, lakini robo ya fedha yako imeyeyuka! Ukielewa kwa nini, na kwa nini logi ndiyo inayofichua siri hiyo, umeshaingia uwanjani. Halafu endelea na michakato nasibu. Louis Bachelier aliitumia kueleza bei za soko la Paris katika tasnifu yake ya mwaka 1900, miaka mitano kabla ya Einstein kuandika juu ya mwendo wa chembe majini. Kiyosi Itô wa Japani akaitengenezea kalkulasi yake miaka ya 1940, na mwaka 1973 Black, Scholes na Merton wakapata bei ya opsheni. Mlinganyo wao unageuka kuwa ule wa kusambaa kwa joto, kwa hiyo milinganyo ya diferensia usiikimbie.

3. Aljebra mstari isome mpaka ikuzoee. Chukua hisa 500 utake kujua kila moja inavyotikisika, na zinavyotikisika pamoja, mbili mbili. Hapo kuna namba 125,250 za kukadiria, na mwaka mmoja una siku za soko kama 250 tu. Matriksi ya namba hizo utakayoipata kwa data za mwaka mmoja haina kinyume. Ubaya wake ni huu: itaapa kwamba kuna mchanganyiko wa hisa usio na hatari hata chembe. Asiyeijua aljebra ataamini, na atawekeza pensheni za watu humo.

4. Uchanganuzi halisi uuchukue, hata ukikutisha. Huko utathibitisha mambo ambayo hadi sasa umeyakariri. Uwezekano wa kisasa, kama Kolmogorov alivyoujenga mwaka 1933, umesimama juu ya nadharia ya vipimo, na mlango wake ni kozi hii.

5. Takwimu zikufundishe adabu. Myron Scholes na Robert Merton walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Mwaka uliofuata, mfuko wa LTCM, ambao wote wawili walikuwa washirika wake, ulipoteza zaidi ya dola bilioni 4 ndani ya miezi michache, na mabenki yakalazimika kuingiza takriban dola bilioni 3.6 kuuokoa. Fomula zilikuwepo; soko la siku ile halikufanana na data za jana. Soma mifuatano ya data za wakati, na kila mara mwulize mhadhiri wako kielelezo chake kinavunjika wapi.

6. Andika programu kwa mkono wako. Chukua mbinu za kinamba, kisha kila unachojifunza kiandike kwa Python, na baadaye C++. Kokotoa bei ya opsheni kwa fomula, ikokotoe tena kwa kuigiza njia 100,000 za bei, ulinganishe majibu. Yakikataa kukaribiana, usilale kabla hujajua kosa liko wapi.

Topolojia na nadharia ya namba ni tamu, zisome kwa mapenzi nafasi ikiwepo. Muhula ukikubana, ukabaki na nafasi moja tu, chukua uwezekano. Nafasi ya pili ikipatikana, chukua aljebra mstari. Kisha keti ufanye mazoezi yote ya mwisho wa sura, hata yale ambayo mhadhiri hakuyaagiza.